Yesu, Yehova na Mwenye Kitabu Asiyealikwa

Katika Biblia ya Kiswahili tuliyozoea kuiita Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, kuna jambo ambalo jicho hulibaini lakini sikio halilijui. Karibu kila mahali ambapo Maandiko ya Kiebrania yana lile Jina la herufi nne, ambalo Wayahudi kwa heshima hawalitamki, wafasiri wetu waliandika BWANA, herufi zote kubwa. Katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, neno Kurios lilipomhusu Yesu waliandika Bwana, herufi ya kwanza tu ikiwa kubwa. Kwa msomaji mwenye kitabu mkononi, hao wanaweza kuwa wawili. Kwa mama aliyeketi benchi la nyuma akisomewa, ni mmoja. Nabii Yoeli anaahidi wokovu kwa kila atakayeliitia jina la BWANA. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anaichukua ahadi ileile na kuiweka juu ya Yesu. Ukiyasikiliza yote mawili yakisomwa Jumapili moja, huwezi kuona mshono ulipopita.

Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, ilishika njia nyingine. Lile Jina likawa Mwenyezi-Mungu, na Yesu akabaki Bwana. Sasa sikio linapata majina mawili, na la kwanza ni lilelile analolitaja jirani Mwislamu anapoinua mikono kuomba dua. Mashahidi wa Yehova nao wameliandika jina Yehova hadi ndani ya Agano Jipya, mahali ambapo hati za Kiyunani tulizonazo zina Kurios. Kwao ahadi ya Yoeli inarudi kwa Baba na haimfikii Mwana. Tafsiri tatu, majibu matatu, na msomaji wa kawaida hajaambiwa kwamba kuna swali lililoulizwa.

Swali lenyewe ni la kale na ni zito: je, Yesu wa Nazareti na Mungu wa Maandiko ya Kiebrania ni mmoja? Nalileta hapa, mahali tunapozoea kujadili katiba na mishahara ya watumishi wa umma, kwa sababu ninaamini kwamba jinsi tunavyolijibu inaeleza mengi kuhusu jinsi tunavyoishi na wasioabudu kama sisi. Tena nimechoka kuliona likiachiwa wenye vipaza sauti.

Vipaza sauti hivyo nimevijua tangu utoto. Kizazi changu cha Dar es Salaam kililelewa na swali hili mitaani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwapo mihadhara. Wahubiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini walisimama viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, wakaisoma kwa ufasaha uliowaaibisha wainjilisti wengi, na kuthibitisha, kwa sura na aya, kwamba Yesu hakuwahi kudai uungu. Kanda za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyekabiliana na Jimmy Swaggart kule Louisiana mwaka 1986, zilipita mkono kwa mkono. Upande wa pili nao ulijipanga. Mmoja akimtaja Yesu wa Injili ya Marko, anayeulizwa amri iliyo kuu na kuanza kujibu kwa ungamo la Torati kwamba Bwana ni mmoja, mwingine alimjibu kwa Yesu wa Yohana, anayesema kwamba kabla ya Ibrahimu yeye yupo, na kuunganisha kauli hiyo na kijiti kilichowaka moto mbele ya Musa. Umati ulishangilia kana kwamba ni Simba na Yanga. Sikumbuki mtu aliyebadili dini pale; nakumbuka wauza karanga waliorudi nyumbani na makapu matupu.

Mara nyingi nilikwenda na mjomba wangu. Familia yetu ni ya mseto, kama zilivyo nyingi katika nchi hii: upande wa mama ni Waislamu, upande wa baba ni Wakristo, na misiba yetu ina mashehe na wachungaji wanaojua vizuri nani atangulie kula. Mjomba alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na redio kaseti juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kanda za mihadhara zilicheza siku nzima huku akishona. Jioni moja tukirudi kutoka uwanjani aliniuliza:

“Mjomba,” (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja), “hivi hicho kitabu wanachogombania pale, Torati na manabii, ni cha nani hasa?”

“Cha Wayahudi, mjomba.”

“Na huyo Myahudi mbona hatujamwona hata siku moja?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. “Wakija watu wawili kibandani kwangu kugombea shati,” akasema, “mimi huuliza kwanza nani aliyeleta kitambaa.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine vikinigharimu mshahara wa mwezi, na sijakutana na maelezo ya tatizo hili yaliyo bora kuliko hayo. Katika mihadhara yetu Mwislamu na Mkristo walibishana juu ya maana ya maandiko ambayo watu wengine waliyaandika, wakayanakili kwa mkono kwa karne nyingi, wakayafia, na bado wanayasoma kwa lugha yake kila Sabato. Hakuna aliyeona kwamba kiti cha tatu ki tupu.

Hakikuwa kitupu mwanzoni. Katikati ya karne ya pili Justin, mwanafalsafa aliyezaliwa Neapoli ya Samaria, mji unaoitwa leo Nablus, aliandika kitabu cha mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trypho, mtu aliyekimbia vita vya Bar Kokhba. Wasomi wanabishana kama Trypho alikuwa mtu halisi au alitungwa, na ni dhahiri kwamba mwenye kalamu alijipendelea. Hata hivyo swali letu limewekwa pale wazi kuliko popote. Justin anadai kwamba aliyemtokea Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre, aliyesema na Musa kutoka kijitini, alikuwa ni huyohuyo ambaye baadaye alizaliwa kama Yesu. Trypho anamjibu kwa hoja ambazo mpaka leo hazijachakaa: kwamba maandiko yanasema Mungu ni mmoja wala hampi mwingine utukufu wake, na kwamba maneno ya Isaya kuhusu mwanamke atakayezaa yanasomeka vingine katika Kiebrania. Kila mmoja anamkasirikia mwenzake mara kwa mara. Kisha, baada ya siku mbili, Trypho anakiri kwamba amefurahia maongezi, anamtakia mwenzake safari njema kwa kuwa chombo chake kilikuwa karibu kutweka, na Justin anawaombea. Hakuna aliyeongoka. Zingatieni jambo moja: wakati ule Mkristo hakuwa na dola. Justin mwenyewe aliuawa na Warumi miaka michache baadaye.

Dola ilipoingia, mazungumzo yalibadilika. Mwaka 325 Kaizari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, akawagharamia usafiri kwa magari ya serikali (watumishi wa umma watalielewa hili la usafiri), ili kumaliza mzozo uliozushwa na Arius, padri wa Aleksandria. Arius alikubali kwamba Mwana ni mtukufu kupita viumbe vyote, ila alifundisha kwamba alikuwa na mwanzo. Yaani, kwa lugha ya swali letu, hakuwa Mungu yuleyule wa Ibrahimu kwa asili, bali wa pili na wa chini. Mtaguso ukaamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Mimi naungama imani hiyo kila Jumapili, na sioni haya kuiungama. Lakini mtaguso huohuo uliamua pia tarehe ya Pasaka isifuatane na hesabu ya Wayahudi, na barua ya Kaizari iliyotangaza uamuzi huo, kama alivyoihifadhi Eusebius, inawasema Wayahudi kwa dharau nzito na kuhimiza Wakristo wasiwe na jambo lolote la pamoja nao. Katika mkutano mmoja, basi, ilithibitishwa kwamba Yesu ni mmoja na Mungu wa Israeli, na ikatangazwa kwamba Israeli hana sehemu tena. Wanafunzi wangu wa historia ya fikra huona hili kama kinyume cha ajabu. Mimi naliona kama hati ya kuhamisha umiliki.

Ukitaka kujua Myahudi alipata nini alipoalikwa tena kwenye meza, nenda Barcelona mwaka 1263. Mfalme Yakobo wa Kwanza wa Aragon alimwamuru Rabi Moses ben Nahman, anayejulikana kama Nachmanides, ajadiliane hadharani na mtawa aliyeacha Uyahudi, Pablo Christiani. Rabi aliomba uhuru wa kusema, akapewa. Alisema bila kumung’unya maneno kwamba kilichomtenga na Ukristo zaidi ni fundisho kwamba Muumba wa mbingu na nchi alikaa tumboni mwa mwanamke wa Kiyahudi miezi tisa, akazaliwa, akakua, akauawa. Kuliko suala la kama Masihi amekwisha kuja au hajaja. Kwa maelezo yake mwenyewe, mfalme alimsifu na kumpa zawadi ya fedha. Alipoyaandika majadiliano hayo na kuyasambaza, watawa wakamshitaki kwa kukufuru. Mwaka 1267 alikuwa amekwisha kuondoka Hispania, mzee wa zaidi ya miaka 70, kwenda Yerusalemu. Huo ndio mdahalo ambao upande mmoja unaruhusiwa kusema kila kitu, ila hauruhusiwi kushinda.

Nalisema hili nikijua kwamba sisi nasi tuna Barcelona yetu. Miongoni mwa malalamiko ya Waislamu wa nchi hii katika miaka ya 1990 ni kwamba kusema hadharani kuwa Yesu si Mungu kulichukuliwa na vyombo vya dola kuwa ni kashfa dhidi ya dini ya wengine. Februari 1998 polisi walifyatua risasi Mwembechai, Dar es Salaam, na watu waliuawa. Kitabu ambacho Profesa Hamza Njozi aliandika kuhusu mauaji hayo kilipigwa marufuku na Serikali. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza maneno yenye nia ya kuumiza hisia za dini, bado kipo, na sipingi kuwapo kwa kinga dhidi ya matusi. Lakini mwanasheria yeyote na anieleze: ikiwa kukana uungu wa Yesu ni matusi, shahada ya Mwislamu ataisema wapi? Na ikiwa kuukiri uungu huo ni shirki isiyovumilika, Kanuni ya Imani ya Mkristo itasemwa wapi? Ungamo la kila mmoja limebeba ndani yake ukanusho wa ungamo la mwenzake. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda yote mawili, au hailindi lolote.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba lugha yetu iliona mbele kuliko sheria zetu. Neno Mungu ni la Kibantu. Lilikuwapo kabla ya msikiti wa kwanza wa pwani na kabla ya merikebu ya mmisionari wa kwanza. Wimbo wetu wa taifa unaanza kwa neno hilo bila kueleza ni Mungu wa nani. Waziri anayeapa kwa Kurani na mwenzake anayeapa kwa Biblia wanamalizia kiapo kwa kuomba msaada wa Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyewahi kumtaka Rais afafanue.

Sasa swali limerudi, na safari hii halikupitia uwanja wa Temeke. Tangu Oktoba 2023 vita vya Gaza vimeingia katika kila semina ninayofundisha, iwe inahusu nadharia ya dola au mashairi ya Shaaban Robert. Mwezi ule Waziri Mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, aliwakumbusha wananchi wake yale ambayo Amaleki aliwatendea baba zao. Afrika Kusini ilipofungua shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwezi Desemba, ilitaja kauli hiyo pamoja na sura ya 15 ya Samweli wa Kwanza, ambamo Sauli anaagizwa asimwache hai Mwamaleki yeyote, mwanamume, mwanamke wala mtoto anyonyaye. Ofisi ya Netanyahu ilijibu kwamba alilenga Hamas, na kwamba tafsiri ya mauaji ya halaiki ni ya uongo. Tuwaachie majaji kazi yao.

Kilichonishughulisha ni kauli ya mwanafunzi wangu mmoja, binti mwerevu, mwana kwaya, aliyenyoosha mkono na kusema: “Mwalimu, mimi nimeamua. Mungu wa Yoshua na Samweli siye Baba yake Yesu. Wale wamwabudu wao. Mimi namfuata Yesu.”

Nusu ya darasa ilipiga makofi. Wakristo walipiga kwa sababu mzigo umewatoka mabegani. Waislamu wachache walipiga kwa sababu waliona Mkristo amekiri, hatimaye, kwamba hao si mmoja. Wanaharakati wetu walipiga kwa sababu ya Gaza. Nami nikawaambia kwamba wamempigia makofi Marcion.

Marcion alitoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, akiwa tajiri wa merikebu. Alifika Roma, akalichangia kanisa sesterse 200,000, akasikilizwa, na mwaka 144 akatengwa na kurudishiwa fedha zake zote. Ni nadra taasisi ya dini kufanya hivyo, na mimi huwasifu kwa hilo. Alifundisha kwamba wako miungu wawili: Muumba wa Maandiko ya Kiebrania, mwenye haki kali na hasira, na Mungu wa upendo asiyejulikana hapo kabla, aliyejifunua kwa Yesu. Akayatupa maandiko yote ya Kiyahudi. Akabaki na Injili moja, ya Luka, iliyopunguzwa, na nyaraka kumi za Paulo, nazo zimepunguzwa. Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa Kaskazini mwenye ulimi wa shubiri, alimwandikia vitabu vitano vya kumpinga. Kanisa lilimkataa Marcion, na katika hilo nasimama na kanisa.

Nasimama nalo kwa sababu najua alikofikia baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Adolf von Harnack, mwanahistoria mkubwa wa Ujerumani, aliandika kitabu kumhusu Marcion na kutoa hoja kwamba Waprotestanti kuendelea kulihesabu Agano la Kale kuwa maandiko yenye mamlaka ni dalili ya kupooza kwa kanisa. Harnack hakuwa Nazi; alifariki mwaka 1930. Lakini Novemba 1933, katika ukumbi wa Sportpalast mjini Berlin, mbele ya watu wapatao 20,000, Reinhold Krause wa vuguvugu la Wakristo wa Kijerumani alidai kanisa lisafishwe kwa kuondolewa Agano la Kale. Mwaka 1939, mjini Eisenach, palepale ambapo Luther alilifasiri Agano Jipya ngomeni, ilifunguliwa taasisi ya kuondoa athari za Kiyahudi katika maisha ya kanisa, chini ya Profesa Walter Grundmann. Walitoa Agano Jipya lililochujwa na kitabu cha nyimbo kisicho na maneno ya Kiebrania. Yesu wao hakuwa Myahudi tena. Wakati wanahariri nyimbo, treni zilikuwa zinajiandaa.

Simaanishi kwamba binti yule ana chembe ya mambo hayo. Alisukumwa na huruma kwa watoto wa Gaza, na huruma hiyo ni ya haki. Lakini njia aliyoichukua ina mteremko wake. Anayesema “Mungu wao ni wa damu, wangu ni wa upendo” amekwisha kusema jambo juu ya watu, si juu ya Mungu tu. Amegeuza kosa la serikali kuwa tabia ya kabila, na kuipa tabia hiyo chanzo mbinguni.

Tena haisimami hata kwa kusoma. Amri ya kumpenda jirani imo katika Walawi sura ya 19, na aya chache mbele imo amri ya kumpenda mgeni anayekaa nchini kama unavyojipenda, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni Misri. Yona ananuna kwa sababu Mungu wa Kiebrania amekataa kuiangamiza Ninawi, mji mkuu wa maadui, wenye watu wengi na mifugo mingi. Hosea anamwonyesha Mungu huyo akigeukwa na moyo ndani yake kama mzazi asiyeweza kumtupa mwanawe. Kwa upande mwingine, ni Yesu wa Injili ndiye anayezungumza juu ya jehanamu na moto wa milele. Sauli na Yoshua waliua mwili tu. Na katika kitabu cha Ufunuo yule apandaye farasi mweupe ana vazi lililochovywa katika damu. Atakayetaka Agano lisilo na ukali itampasa achukue mkasi kama Marcion, na hata Marcion, aliyeanza na merikebu nzima, alibakiwa na mbao chache.

Wayahudi wenyewe, ambao hatukuwaalika, hawakukaa karne zote hizo wakizitazama aya hizo kwa midomo wazi. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya tatu, inasimulia habari ya Mwamoni mmoja aliyeongoka na kuuliza kama anaweza kuingia katika kusanyiko, ilhali Torati inawazuia Waamoni. Rabani Gamalieli akakataa. Rabi Yoshua akakubali, akitoa hoja kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikwisha kuyachanganya mataifa yote zamani, hivyo hakuna ajuaye tena nani ni Mwamoni. Wakampokea. Ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho, anayetaka kumsaka Mwamaleki leo hana pa kumpata. Kwa hiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuligeuza jina la Amaleki kuwa silaha haikuwa ya kutafutwa nje ya nyumba ya Israeli. Walio wengi katika darasa langu hawakuwa wamewahi kuisikia, kwa sababu tunamsoma Yoshua mwana wa Nuni peke yake, bila wajina wake aliyekuja baadaye.

Mtaniuliza, basi, jibu langu ni lipi. Naamini kwamba Yesu na Mungu wa Ibrahimu ni mmoja. Naamini vilevile kwamba Maandiko ya Kiebrania yakisomwa yenyewe, bila taa ya Pasaka ya Kikristo, hayamlazimishi mtu kufikia hapo. Trypho hakuwa kipofu, wala mjomba wangu hakuwa mkaidi. Nilimwambia hivyo miaka mingi baadaye, akaitikia, “Angalau wewe umeuliza kitambaa.” Lakini imani hiyo ina bei ambayo wahubiri wetu hawaitaji. Ikiwa ni mmoja, basi ni mmoja hata Yeriko. Siwezi kuthibitisha umoja huo kwa sauti kubwa uwanjani, Mwislamu akiwa mbele yangu, halafu nikaukana kimyakimya darasani mara tu Samweli anapofunguliwa. Nimewaona watu walewale wakifanya yote mawili ndani ya juma moja. Wakati wa mhadhara, Yesu ndiye aliyesema kijitini. Wakati wa Gaza, yule alikuwa Mungu wa Wayahudi.

Na si watu binafsi peke yao. Katika mpangilio wa masomo ya Misa wa Kanisa Katoliki, sura ya 15 ya Samweli wa Kwanza ina siku yake, Jumatatu ya juma la pili la mwaka, kila mwaka wa pili. Husomwa kuanzia mstari wa 16 hadi wa 23, pale Samweli anapomkaripia Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Mstari wa tatu, wenye mtoto anyonyaye, hausikiki. Kanisa lililomtenga Marcion kwa tamko limemkaribisha kwa kalenda. Naelewa kwa nini: nani angetaka kuhubiri juu ya hilo asubuhi, watu wakiwahi daladala? Ila matokeo yake ni kwamba muumini hukutana na mstari huo kwa mara ya kwanza katika hotuba ya mwanasiasa au hati ya mashitaka, naye hana mtu aliyemfundisha afanye nini nao.

Semina inaendelea Jumatatu, saa nane mchana. Binti yule atatetea msimamo wake, ambao hajauacha, na amechagua mpinzani wake mwenyewe, kijana wa Kiislamu kutoka Handeni. Mishna nimewatolea nakala. Tutaisoma sura ya 15 kuanzia mstari wa kwanza.